Video kati ya magari: heri skrini izime kuliko ichelewe

Dereva aliye nyuma ya lori refu kwenye barabara ya njia mbili haoni mbele. Hapa kwetu hungoja dereva wa lori amwashie indiketa kwamba njia ni nyeupe, kisha hupita kwa kumwamini tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, akiwemo Michel Ferreira, walibuni njia nyingine: kamera ya lori hurusha video hewani, na gari la nyuma huipokea na kumwonyesha dereva wake.

Video hiyo haipitii mnara wa simu. Magari huzungumza moja kwa moja kwa 802.11p, aina ya waifai iliyoidhinishwa mwaka 2010 na inayotumia masafa ya gigahezi 5.9. Waifai ya nyumbani hutaka vifaa viunganishwe kwanza. Hii haina hatua hiyo, kwa sababu magari huweza kuwa karibu kwa sekunde chache tu. Lakini mkondo wake ni mwembamba: hauzidi megabiti 27 kwa sekunde, na magari yote yaliyo karibu hugawana.

Kwa hiyo video lazima ibanwe. Hutumwa picha moja kamili, kisha mabadiliko yake tu. Kipande kimoja kikipotea njiani, picha zinazofuata huharibika. Filamu za intaneti hutibu tatizo hili kwa kuweka akiba ya sekunde kadhaa na kuomba upya kilichopotea. Barabarani dawa hiyo inaua.

Piga hesabu. Magari mawili yanayokabiliana, kila moja likienda kilomita 80 kwa saa, hukaribiana mita 44 hivi kila sekunde. Video ikichelewa sekunde 0.2, gari linalokuja liko karibu zaidi ya linavyoonekana kwa takriban mita 9. Akiba ya sekunde mbili, ambayo mtazamaji wa filamu haisikii, huficha karibu mita 89.

Ndiyo maana mfumo wa namna hii usipimwe kwa uzuri wa picha. Kila picha ibebe saa yake. Iliyopotea iachwe, ubora upunguzwe mkondo ukisongamana, na ucheleweshaji ukivuka kikomo skrini izime yenyewe. Dereva asiyeona hubaki nyuma ya lori. Anayeonyeshwa barabara ya sekunde mbili zilizopita huingia njia ya wenzake akiamini ni nyeupe.