Kemondo: Gitaa, Nota na Ngoma Iliyoachwa Nje

Jumapili Kemondo hailali, mwanangu. Wana wa mwalo washaanika dagaa, bodaboda washajipanga barabara ya Bukoba–Muleba, na kutoka gatini upepo wa ziwa unapandisha kila sauti juu mpaka kwenye migomba. Tega sikio. Upande huu Walutheri wanashusha wimbo wa kitabuni, taratibu, sauti nne, kila mtu kwenye njia yake. Upande ule Wakatoliki kinanda kimetulia, mwalimu wa kwaya anakata hewa kwa mkono kama fundi. Kwa walokole sasa, oya, dramu zinachapwa, besi inagonga mpaka kifuani, mtu wa maiki anaita na umati unadaka. Sebene likiingia hakuna anayekaa.

Hapo ndipo bifu linapozaliwa, na halijaanza jana. Washua wanasema madogo wameleta disko madhabahuni. Madogo wanasema nyimbo za kitabuni zinaleta usingizi. Kila kikao cha kwaya ni vita: tununue spika au tutengeneze kinanda? Tuvae joho au tutupie pamba za kitenge na raba nyeupe? Ibada ifunguliwe na pambio au na wimbo namba fulani? Kuna kwaya za vijana zimevunjika kwa mambo haya, watu wamehama mpaka dhehebu, na kuna wazee wamesusa, wanakaa benchi la nyuma mdomo umefungwa.

Mimi napiga besi, kwa hiyo watu wakiniona tu washanipanga upande wa madogo. Poa. Lakini ninachotaka kuwasanua leo kinagusa pande zote mbili: tunapigania mizigo iliyoshuka melini, na muziki wa hapa hapa Buhaya umekaa nje ya mlango unatusikiliza.

Tuanze na washua. Wakisema "nyimbo za asili za kanisa", asili ya lini na ya wapi? Wamisionari wa White Fathers walifungua misheni ya Kashozi 1892. Wajerumani wa Bethel, watu wa kutoka Bielefeld, wakaingia Bukoba 1910. Kila mmoja alishuka na muziki wa kwao. Wale wa Bethel walitoka mahali ambapo tarumbeta ni maisha kabisa. Mchungaji Johannes Kuhlo, yule Wajerumani walimwita jenerali wa matarumbeta, kazi yake ilikuwa hapo hapo Bethel. Ndiyo maana leo ukisikia tarumbeta kwenye sherehe ya Kilutheri unaona kitu cha mababu. Nota nazo, zile za do-re-mi ambazo mwalimu wa kwaya anaandika ubaoni kwa chaki, ni mfumo ulioenezwa na Mwingereza John Curwen karne ya 19. Nazipenda kinoma, usinielewe vibaya. Dogo ambaye hajawahi kugusa piano anaweza kusoma wimbo wa sauti nne kwa herufi tu. Huo ni unyama. Ila ni mzigo wa meli.

Sasa sikia hii. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alitoa waraka kuhusu muziki wa kanisa. Akapiga marufuku ngoma, matoazi na vyombo vyote vya kelele. Na piano pia, wanangu. Piano! Ogani ndiyo ilibaki na heshima yake. Kwa hiyo mzee wa leo anayetetea kinanda cha umeme chenye sauti ya piano dhidi ya gitaa langu, angekaa mbele ya Pius wa Kumi, wote wawili tungetolewa nje mlango mmoja.

Na ngoma yetu ilitolewa kweli. Lazima tuwe wakweli kwa nini. Huku Buhaya ngoma ilikuwa ya ikulu ya Omukama, mfalme, na ilikuwa ya embandwa, waganga na mizimu yao. Enanga, ule mti uliochongwa kama mtumbwi mdogo na kuvutwa nyuzi juu yake, mzee alikuwa anauweka mbele yake anasimulia mashujaa usiku kucha: Rukiza, na Mugasha bwana wa ziwa hili hili tunalovua sangara. Mmisionari alipokuta Mugasha ndani ya wimbo, akatupa wimbo na chombo kwa pamoja. Kwa mtu aliyekuja kuhubiri Mungu mmoja, kuogopa maneno yale naelewa. Kutupa mti na nyuzi sielewi. Chombo hakina dini. Anayekipiga ndiye anayo.

Halafu kuna kitu washua huwa wanasahau. Babu zao nao walishaitwa wapiga kelele. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukazama Buhaya mwishoni mwa muongo ule. Wale ndio walokole wa mwanzo. Waliimba usiku, walipiga makofi, walilia mbele za watu, na Tukutendereza Yesu ya Kiganda ikawa kama kitambulisho chao mpaka leo. Viongozi wengi wa kanisa wa wakati ule hawakufurahia hata kidogo. Leo ukiimba wimbo ule kwenye msiba, wazee wote wanasimama, na ni wimbo wenye mizizi kwenye utenzi wa Kiingereza.

Haya, madogo wenzangu, na sisi tusivimbe. Dramu zetu zimetoka Marekani. Sebene tumelichota kwa Wakongo, tena lilipitia baa kabla ya kufika kanisani. Zile nyimbo za kuabudu za polepole, taa zimezimwa, kinanda kinalia chini kwa chini, dizaini ile imetoka kwa watu kama Hillsong, kanisa lililoanza Sydney, Australia, 1983. Dogo wa Kemondo anafumba macho anaimba kwa lafudhi ya Sydney kisha anamwambia mshua wake "wewe ni wa kizamani". Hapo hakuna wa asili. Mmoja kabeba mzigo wa 1910, mwingine kabeba mzigo wa juzi.

Yupo aliyelitatua hili kabla wengi wetu hatujazaliwa, na hapa naomba mkae kwa kutulia.

Jina lake ni Bernard Kyamanywa. Mtu wa Kagera ukilisikia jina hilo huulizi ametoka pande zipi. Alizaliwa 1938. Mwaka 1966, akiwa mwanafunzi wa theolojia chuo cha Makumira kule Arusha, alichukua melodi ya kienyeji ya hapa Tanzania akaiandikia maneno ya Pasaka kwa Kiswahili. Ndiyo Mfurahini, Haleluya. Umeiimba tangu Sunday school, labda hukuwahi kuuliza imetoka wapi. Pale Makumira alikuwepo mmisionari wa Kimarekani, Howard Olson, aliyekuwa anakusanya nyimbo za namna hii kwenye kitabu cha Tumshangilie Mungu. Yeye ndiye akaipeleka kwenye Kiingereza. Mwaka 1969 Ulrich Leupold akaiandikia Kijerumani. Fungua leo kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116, iko pale, kwenye sehemu inayotumika nchi nzima. Pasaka Wajerumani wanaimba wimbo wa kijana wa Kitanzania, kwa melodi ya Kitanzania, na hakuna aliyewalazimisha.

Kyamanywa alikuwa na miaka kama 28. Umri wa wana wanaobeba spika za kwaya zetu. Hakununua chombo, hakusubiri mfadhili. Alikuwa na kitu ambacho kipo kijijini kwenu sasa hivi, na akili ya kukiandikia maneno mazuri.

Na hakuwa peke yake. Padre Stephen Mbunga wa kusini alitunga Misa Baba Yetu 1959, akaandika mpaka kitabu, 1963, kutetea muziki wa Kibantu mbele ya sheria za Kanisa. Jirani zetu Uganda, Joseph Kyagambiddwa alitunga kazi nzima juu ya Mashahidi wa Uganda kwa milio ya Kiganda, ikaimbwa Roma 1964 walipotangazwa watakatifu. Wakatoliki wa Kemondo, nyie ndio hamna kisingizio kabisa. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia, na ibara ya 119 inasema muziki wa watu wenyewe upewe heshima na nafasi katika ibada. Mle Mtagusoni alikaa Kardinali Laurean Rugambwa, mtoto wa Buhaya, aliyekuwa askofu wa Rutabo, hapo tu Muleba, kabla ya kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika 1960. Baba paroko akikwambia ngoma hairuhusiwi, mwombe kwa adabu muisome hati hiyo pamoja.

Kuna jambo la kiufundi pia, na huwa linanikera nikiwa na besi mkononi. Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Melodi nyingi za Ulaya zinagonga ya mwisho. Matokeo yake unaimba "MunGU" na "BwaNA", mdomo unapinda lakini tumezoea. Kihaya ndiyo balaa zaidi, kwa sababu sauti inapanda na kushuka ndani ya neno lenyewe. Ukilivalisha melodi ya mbali, bibi anasikia kitu kingine. Melodi iliyozaliwa na lugha haina tabu hiyo. Inaingia kinywani yenyewe, hata kwa mvuvi ambaye hajawahi kushika kitabu cha nyimbo.

Mtu ataniambia milio ya Kihaya ni ya vijijini, haina mvuto kwa vijana. Kausha. Saida Karoli, binti wa Bukoba, alitikisa nchi nzima na Maria Salome mwaka 2001, anaimba Kihaya, ngoma za Kihaya nyuma, watu wa Dar na Mbeya wanacheza bila kuelewa hata neno moja. Miaka kumi na tano baadaye, 2016, Diamond Platnumz na Rayvanny wakauchukua wimbo ule ule wakatengeneza Salome, na ukawaka upya. Yaani klabu imejua thamani ya mlio wa Buhaya kabla ya kwaya za Buhaya. Hilo linaniuma.

Sisemi tutupe gitaa, wala sisemi tuchome vitabu. Zabron Singers wa Kahama wametuonyesha: sauti nne zimenyooka kama za washua, zimepikwa studio kama za madogo, na watu wa kila dhehebu wanaziimba. Nota zinafundisha nidhamu. Gitaa na dramu zimewatoa wana wengi kijiweni, zimewapa ufundi, mpaka wanapata chapaa ya harusi. Pambio linamwingiza mgeni siku ya kwanza.

Kipimo changu ni kimoja tu: nani anaimba? Nimeona ibada ambazo timu ya sifa ina mziki mzito, spika zinatetemesha bati, na waumini wamesimama wanarekodi kwa simu. Ile ni shoo. Umeme ukikata, kimya, hakuna anayejua wimbo unaendeleaje. Nimeona pia ibada ambazo kwaya kuu inaimba nota ngumu mwanzo mpaka mwisho, waumini wamekaa kama wako kwenye tamasha. Ile nayo ni shoo, hata kama wamevaa joho. Kanisa lote likiimba, mama wa dagaa, mshua wa kahawa, dogo wa bodaboda, hapo ndipo kuna ibada, na ngoma ya nyumbani inaliamsha kanisa lote haraka kuliko chombo chochote nilichowahi kupiga. Piga mdundo wa omutoro taratibu tu uone bibi wa miaka themanini atafanya nini na mabega yake.

Na muda ni mdogo. Wapiga enanga waliobaki ni wazee. Profesa Mugyabuso Mulokozi alishawaandika wasimulizi hawa kwenye tafiti zake tangu miaka ya 1980, kwa hiyo wasomi wametimiza sehemu yao. Sehemu iliyobaki ni ya wana wa kwaya.

Basi, masela na masista wa kwaya za Kemondo, Muhutwe na Kanyangereko, kazi ni hii. Tafuteni mzee mmoja anayejua enanga au mdundo wa akasimbo. Nendeni kwake na sukari na salamu, mkae chini, mrekodi nyimbo zake kwa simu. Mpelekeeni mwalimu wa kwaya aziweke kwenye nota, ndiyo, nota hizo hizo za washua, ili zisipotee. Maneno ya Mugasha yaacheni kwenye historia yake. Andikeni mapya, mkakae na mchungaji au paroko ayapitie. Besi na gitaa vije nyuma, visifunike. Mkiwahi kuanza mwezi huu, Krismasi ndugu wakirudi nyumbani kutoka Mwanza na Dar wimbo utakuwa tayari. Mkihitaji mtu wa besi, nipo, na sitadai hata jero.