Je, Wajua? Chokaa Kwenye Ukuta wa Kiyovu

Ukiulizia njia Kiyovu, mtaa wa miti mikubwa na balozi katikati ya Kigali, utajibiwa kuwa ni hapo karibu. Jibu ni la kweli, ila hapo karibu huwa ni juu au ni chini. Barabara za magari hukizunguka kilima polepole, na mwenda kwa miguu hukata katikati yake kwa ngazi. Ramani humwonyesha mita 300. Mapafu humwambia jambo jingine.

Je, wajua kwamba ugumu wa njia hizo ulianza kupangwa zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita? Mchanga na tope vilitua majini, tabaka juu ya tabaka, kisha ardhi ikavikunja na kuvioka kwa joto na uzito. Mchanga ukawa kwatzaiti, jiwe gumu mno. Tope likawa mawe ya mabamba yanayobanduka. Mvua imekuwa ikiyala yale laini tangu hapo, na yale magumu yakasimama. Ndiyo maana migongo ya vilima vya Kigali iko pale ilipo, na mabonde ya mito ya Nyabugogo na Nyabarongo yako chini yake. Kutoka Nyabarongo hadi kilele cha Mlima Kigali, unaofikia takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ni karibu nusu kilomita ya kupanda.

Huhitaji maabara kuliona hilo. Simama pale ambapo barabara imekata ubavu wa kilima. Shika bamba la jiwe la hudhurungi: kucha tu inalibandua, na vumbi lake linabaki vidoleni likimeremeta. Kisha tafuta lile jeupe lililofifia, ukwaruze kwa msumari. Msumari ndio utakaolika.

Je, wajua kwamba kinachokuumiza siku ya pili si kupanda? Kupanda hukumaliza pumzi, na pumzi hurudi ukikaa kidogo. Wakati wa kushuka, misuli ya paja hufanya kazi ya breki: inavutwa huku inajikaza, na nyuzi zake ndogo huchanika. Maumivu hayo huchelewa, hufika kileleni baada ya siku moja hadi tatu. Mimi huwashauri wageni wote waanze mazoezi kwa kushuka ngazi chache tu, kisha waongeze. Wengi hunisikiliza wakishaumia.

Kiyovu ndiko iliko Hôtel des Mille Collines, iliyofunguliwa mwaka 1973. Jina lake ni Kifaransa cha “vilima elfu”, sifa ya nchi nzima. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu zaidi ya 1,200 walijihifadhi ndani yake. Nikipita hapo asubuhi napunguza mwendo.

Je, wajua kwamba Kigali yenyewe imetokana na mtu wa miguu? Richard Kandt, tabibu wa Kijerumani, alitembea huku akiufuata mto mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1898 akaufikia mto Rukarara katika msitu wa Nyungwe, akautangaza kuwa chanzo cha Mto Naili. Mwaka 1907 akaanzisha kituo chake juu ya kilima cha Nyarugenge, kile kile kilichobeba Kiyovu ubavuni, kwa kuwa hapo ni katikati ya nchi. Nyumba yake leo ni makumbusho.

Anayetaka kupima miguu yake ana ngazi nyingi za kuchagua. Ya kwanza ni Nyandungu, bustani ya ardhi oevu iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye hekta zaidi ya 120. Njia zake ni za bondeni, hata bibi na mjukuu wataziweza. Zipo pia Jumapili zisizo na magari, utaratibu ulioanza mwaka 2016, ambapo lami huachiwa wakimbiaji na watoto wa baiskeli. Mlima Kigali ni wa nusu siku. Ukitaka zaidi, kuna njia ya Congo-Nile kandokando ya Ziwa Kivu, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, nayo humchukua mtembezi takriban siku kumi. Juu ya zote ni Mlima Karisimbi, mita 4,507, siku mbili za baridi na tope.

Je, wajua kwamba mapango ya Musanze, yanayopendwa na watalii kaskazini mwa Rwanda, hayakuchimbwa na maji? Wengi hudhani kila pango ni la mawe ya chokaa, kama Amboni kule Tanga, ambako mvua yenye tindikali hafifu iliyeyusha jiwe kidogo kidogo. Musanze ni uji wa volkano. Juu uliganda, chini ukaendelea kutiririka, mwisho ukatoka wote na kuacha handaki tupu.

Jiwe la chokaa hasa ni la pwani yetu. Mtu wa Unguja anayajua maweni, ardhi ya matumbawe ya kale inayokata viatu na kuficha mashimo. Huko Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi, watafiti walifukua mabaki ya mtoto aliyezikwa kwa uangalifu miaka takriban 78,000 iliyopita, kaburi la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika ya binadamu wa aina yetu. Walimpa jina la Mtoto, kwa Kiswahili, na habari zake zikachapishwa mwaka 2021. Chokaa huyeyuka ikawa pango, kisha huwa mlinzi wa mifupa.

Basi Kigali haina chokaa? Inayo, ila imeletwa kwa lori. Kusini-magharibi kabisa, kwenye bonde la Bugarama, karibu na sehemu ya chini kuliko zote Rwanda, kuna chemchemi za maji moto za Mashyuza. Maji hayo hupanda na chokaa iliyoyeyuka pamoja na gesi ya kaboni. Yakifika juu gesi inatoka, kama soda iliyofunguliwa, na chokaa inabaki. Ni ukoko ule ule mweupe unaoshika ndani ya birika, ila huku umejikusanya hadi ukawa vilima. Kiwanda cha Cimerwa, kilichoanzishwa mwaka 1984, huchimba jiwe hilo na kulichoma kuwa saruji.

Saruji hiyo hupanda milima ya Nyungwe, penye mgongo unaogawa mvua ya Afrika: tone la magharibi huenda Mto Kongo, la mashariki huenda Mto Naili. Bugarama iko upande wa Kongo. Kigali yote iko upande wa Naili.

Sasa nenda kwenye moja ya kuta za mawe zinazozuia udongo Kiyovu, siku moja baada ya mvua kubwa. Tazama katikati ya jiwe na jiwe, kwenye saruji. Utaona michirizi myeupe imeteremka kama maziwa yaliyokaukia, na mahali pengine kijiti chembamba kinaning'inia, chepesi, cheupe, chenye tone kwenye ncha. Mvua inaitoa chokaa ndani ya ukuta tena. Kama ni ya Bugarama, imekwisha kuhama kutoka upande wa Kongo hadi wa Naili, na tone lile likidondoka litaingia mferejini, litafika Nyabugogo, kisha Nyabarongo, Akagera, na Ziwa Viktoria.