Sataranji ndani ya garimoshi: wazo kwa reli ya Kipkelion

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Hawakutueleza, hata hivyo, binadamu hao wafanye nini wakishakutana. Katika garimoshi watu huketi ana kwa ana kwa saa nyingi, magoti yakigusana, na mara nyingi hufika mwisho wa safari bila kujuana hata majina. Ni kwa sababu hiyo ninatoa pendekezo ambalo huenda wengine wakaliona kuwa mzaha. Tuandae mashindano ya sataranji, mchezo ambao wengi wetu huuita chesi, ndani ya garimoshi litokalo Nakuru kwenda Kisumu kupitia Londiani, Kipkelion na Fort Ternan. Wachezaji wawe watoto wa shule kutoka pande zote mbili za reli hiyo.

Jambo lenyewe si geni duniani. Tangu mwaka 2011, wapenzi wa sataranji wa mji wa Praha, katika Jamhuri ya Cheki, wamekuwa wakiandaa mashindano ya aina hiyo katika garimoshi linalovuka mipaka ya nchi za Ulaya ya Kati. Mabingwa wa kimataifa huketi meza moja na wachezaji wa kawaida, wakasukuma kete huku misitu na mito ikipita dirishani. Jioni hushuka katika mji waliofika, wakautembea na kulala huko, kisha wakaendelea na safari.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini garimoshi na si ukumbi? Jibu ni kwamba ukumbini, anayeshindwa huchukua mfuko wake akaenda zake. Garimoshini hana pa kwenda. Atakunywa chai na aliyemshinda, ataketi naye hadi kituo kijacho, na pengine atamwomba amwonyeshe ni wapi alipoteleza. Isitoshe, garimoshi si mali ya kijiji chochote. Hakuna anayecheza nyumbani, na hakuna anayecheza ugenini.

Sasa tuitazame reli yenyewe. Ilipofika Port Florence, yaani Kisumu, mwezi Desemba mwaka 1901, hii ndiyo iliyokuwa njia kuu kutoka Mombasa. Hupanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha ikateremka hadi ziwani, mahali penye mita 1,100 na ushei. Mji wa Kericho haukupata reli, na kwa miaka mingi kituo chake kilikuwa Kipkelion. Wakoloni walikiita kituo hicho Lumbwa, jina walilowapachika Wakipsigis na ambalo Wakipsigis wenyewe hawakulipenda. Kampuni za Uingereza zilipoanza kupanda chai kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, vibarua walikuja kutoka Nyanza, Kisii na nchi ya Waluhya. Hivyo basi, katika kambi za mashamba hayo Kiswahili kikawa lugha ya kuchumia majani, ya kupimia mizani na ya kuchezea watoto.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilipata kuonja mashindano ya namna hii, ingawa hayakuwa na mdhamini wala kikombe. Tulikuwa wanafunzi wanane katika behewa la daraja la tatu, tukisafiri usiku kutoka Nairobi. Mmoja wetu alichora ubao wa miraba 64 juu ya kadibodi. Kete zilikuwa vizibo vya soda, kila kizibo kikiwa kimeandikwa herufi kwa kalamu. Saa ya mchezo hatukuwa nayo, kwa hiyo vituo ndivyo vilivyokuwa saa yetu. Mchezo ulioanza Njoro ulipaswa kumalizika Molo. Usipomalizika, tulihesabu vizibo vilivyobaki. Mimi nilitolewa mapema na mwanafunzi wa uuguzi kutoka Kisii.

Fainali ilichezwa alfajiri, baada ya Kipkelion, kati ya kijana wa Litein na kijana wa Ahero. Njia inateremka na kupinda hapo, hata mikono minne ikawa inauzuia ubao usiteleze. Abiria waliamka wakatuzunguka. Mwanzoni kila mmoja alimshangilia wa kwao. Mchezo ulipokolea, wakaanza kushangilia hila nzuri, awe ameifanya nani. Mzee mmoja aliyekuwa akishukia Fort Ternan aliuliza, "Vijana, huyu asiyetembea, anayekaa tu akilindwa na wengine, ni nani?" Tukamjibu, "Huyo ni mfalme, mzee." Akacheka, akasema, "Basi huyo namjua." Sitadai kwamba ukabila ulishukia Fort Ternan pamoja na yule mzee. Ninachodai ni kwamba kwa muda wa vituo viwili watu wale walikuwa na jambo moja la kutazama na kanuni moja ya kuliamulia.

Kilichotusumbua zaidi usiku ule kilikuwa lugha. Tulitaka kuandika herufi za Kiswahili juu ya vizibo, lakini mfalme na malkia wote huanza kwa M. Waingereza nao wana tatizo lilo hilo: kwao mfalme na farasi wa sataranji huanza kwa K, ndiyo maana farasi huandikwa N. Tulibishana hadi Elburgon, mwishowe tukatumia Kiingereza.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kina akiba yake, tena ya kale. Mchezo ulizaliwa Bara Hindi ukiitwa chaturanga, yaani viungo vinne, navyo ni vikosi vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakauita chatrang, Waarabu wakauita shatranj, na Waswahili wakapokea sataranji. Mfalme wa Waajemi aliitwa shah, neno lililotupa shaha, sifa tuliyomvika Shaaban Robert kati ya washairi. Yule ambaye Wazungu wamemfanya malkia, Waarabu humwita waziri hadi leo. Na yule ambaye Waingereza walimvika joho la askofu alikuwa tembo tangu awali. Warusi wangali wanamwita hivyo. Basi tunaye shaha, waziri, tembo, farasi, ngome na askari. Herufi zake za mwanzo ni S, W, T, F, N na A, na hakuna mbili zinazogongana. Mtoto wa kambi ya chai hahitaji kamusi ili kuyaelewa majina hayo.

Wala akili ya mchezo wenyewe si ya kuazima. Bao la Waswahili lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina kete 32 na miraba 64. Jamii iliyozoea kuhesabu bao kichwani haiwezi kuambiwa kwamba sataranji ni mchezo wa wenyewe. Jirani zetu wa Uganda wamelithibitisha hilo kwa Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe jijini Kampala, aliyejifunza mchezo katika umaskini mkubwa akaiwakilisha nchi yake katika Olimpiadi ya sataranji, na ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2016.

Naja sasa kwenye kiini cha hoja yangu. Reli hii hupita penye makovu. Mwaka 1992, na tena mwaka 2008, majirani walifukuzana Londiani, Kipkelion na Fort Ternan, na nyumba zikateketezwa. Watawa wa Kitrapisti, waliokuwa na abasia yao Kipkelion tangu miaka ya 1950, walihamia Uganda mwaka huo wa 2008. Watoto waliozaliwa baada ya hapo wamesimuliwa habari za jirani kabla ya kumwona. Wengi hukutana naye mara ya kwanza wakiwa watu wazima, katika foleni ya kura au ya kazi, ambako kila mmoja humwona mwenzake kuwa mpinzani asiye na kanuni.

Sataranji humfundisha mtoto upinzani wenye kanuni. Tamko la kumaliza mchezo, ambalo Waingereza wamelikatakata, ni shah mat la Waajemi. Wako wanaodhani kwamba mat inatokana na Kiarabu na maana yake ni "amekufa", kwa kuwa inafanana na mauti yetu. Wataalamu wengi wa lugha huifasiri kuwa amekwama, hana la kufanya. Mchezo wenyewe unawaunga mkono, kwani katika sataranji shaha hauawi wala haondolewi ubaoni. Hufungiwa njia, mwenyewe hukiri, na wachezaji hupeana mikono. Ni somo ambalo watu wazima wa nchi hii wamewahi kulikosa kila baada ya uchaguzi.

Zipo pingamizi, nami sizipuuzi. Garimoshi la abiria la Kisumu lilikoma kwa miaka kadhaa, likarejea mwezi Desemba mwaka 2021 baada ya njia ya Nakuru hadi Kisumu, yenye urefu wa yapata kilomita 217, kukarabatiwa. Huduma iliyowahi kukoma yaweza kukoma tena. Aidha, safari za usiku hazifai watoto. Lakini mimi siombi garimoshi la kila siku. Ninaomba behewa moja la mchana, siku moja ya likizo ya Agosti, pamoja na walimu, bao za kadibodi na chupa za chai. Kuhusu watoto wa Bomet, ambao hawana reli, matatu kutoka Sotik au Mogogosiek itawafikisha Kipkelion au Londiani. Ramani iliyochorwa ya kuiendeleza reli mpya kutoka Naivasha hadi Kisumu hupitia Narok na Bomet. Siku itakapojengwa, nao watapandia kwao.

Shirika la Reli, chama cha mchezo huo nchini, na kaunti za Nakuru, Kericho, Bomet na Kisumu zikiketi meza moja, gharama haitamtisha yeyote. Walimu wa Kiswahili tuanze mapema kwa kuwafundisha watoto majina ya kete, na kanuni iwe moja: hakuna kuketishwa na mtu wa shule yako. Reli iliyojengwa kubeba mizigo ya wengine ibebe, japo siku moja kwa mwaka, watoto wetu wenyewe.