Fahamu: Tone la usiku linavyoshusha presha ya macho

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, mara nyingi bila maumivu. Matone ya kundi la prostaglandini, mfano latanoprosti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, husaidia maji ya ndani ya jicho kutoka kwa wingi zaidi, hasa kwa kupenya kwenye misuli ya jicho. Tone moja kila usiku hushusha presha kwa takriban robo hadi theluthi. Si haba. Lakini dawa ina athari zake: kope hurefuka (wapo wanaolifurahia hilo), na rangi ya jicho yaweza kukolea isirudi tena. Uoni uliokwisha kupotea haurudi. Dawa hulinda uliobaki. Usiiache kabla ya kumuuliza daktari wako.