Joto, Unyevu na Umeme: Namna ya Kurefusha Uhai wa Kompyuta Mpakato

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Kompyuta mpakato si chombo cha anasa tena. Mwalimu huitumia kuandaa mitihani, mtendaji wa kata kuandika taarifa, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo au Chuo Kikuu Mzumbe huhifadhi humo utafiti wake wote. Inapoharibika kabla ya wakati, hasara haiishii kwenye bei yake; kazi husimama na huduma kwa mwananchi huchelewa.

Mazingira ya Mkoa wa Morogoro yanaonesha wazi vyanzo vya uharibifu huo. Mji wa Morogoro, ulio takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, una joto na vumbi wakati wa kiangazi. Juu yake, Milima ya Uluguru hufikia zaidi ya mita 2,600, ambako kuna baridi na ukungu, na miteremko ya mashariki hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mtumishi anayetoka mjini kwenda Mgeta hukipitisha kifaa chake katika hali hizo zote kwa siku moja.

Adui wa kwanza ni joto. Feni hupoza kompyuta kwa kupitisha hewa kwenye matundu ya chini au ya pembeni. Matundu hayo yakizibwa na vumbi, au kifaa kikiwekwa juu ya godoro, joto hubaki ndani na kuchakaza betri. Kompyuta itumike juu ya meza, isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, na matundu yasafishwe kwa brashi laini ikiwa imezimwa. Kabla ya safari izimwe kabisa, kwani ikifunikwa tu inaweza kuendelea kufanya kazi ndani ya begi. Ikihifadhiwa muda mrefu bila kutumika, betri iachwe na chaji ya takribani nusu. Betri iliyovimba isitobolewe wala kuchajiwa, kwa kuwa inaweza kuwaka moto. Ipelekwe kwa fundi.

Adui wa pili ni unyevu. Kifaa kilichopoa kikiingizwa ghafla kwenye hewa ya joto yenye unyevu, matone ya maji hujitengeneza juu yake na hata ndani, kama yanavyoonekana kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu. Anayeshuka kutoka milimani aiache kompyuta ndani ya begi lililofungwa hadi ilingane na joto la chumba, ndipo aiwashe. Ikimwagikiwa na maji au chai, ichomolewe kwenye umeme na kuzimwa mara moja, ipinduliwe maji yatoke, kisha ipelekwe kwa fundi bila kuwashwa. Kuifukia kwenye mchele hakuondoi maji yaliyokwisha kuingia ndani, bali huongeza vumbi.

Adui wa tatu ni umeme usio imara. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, na chaja nyingi zimetengenezwa kupokea volti 100 hadi 240. Hivyo, hatari kubwa si umeme kupungua kidogo, bali kupanda ghafla unaporejea baada ya kukatika, pamoja na radi za masika. Umeme ukikatika, chaja ichomolewe na kurudishwa dakika chache baada ya umeme kutulia. Anayenunua chaja mpya ahakikishe volti zilizoandikwa upande wa kutoa umeme zinalingana na za kompyuta yake.

Pamoja na tahadhari hizo, hakuna kifaa kisichokufa. Kazi muhimu inakiliwe kila wiki kwenye diski ya nje au hifadhi ya mtandaoni, na nakala hiyo isikae kwenye begi moja na kompyuta. Kabla ya kuuza au kumpa mtu mwingine kompyuta, taarifa za watu zilizomo zifutwe kikamilifu; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa hizo azilinde.

Kompyuta iliyokwisha muda wake isichomwe wala kutupwa korongoni. Betri na saketi zake zina kemikali na metali zenye sumu, na mito inayoanzia Uluguru huingia katika Mto Ruvu, chanzo cha maji ya wakazi wa Dar es Salaam.