Je, Wajua? Namna ya Kukata Mzizi wa Fitina Simiyu

• Je, wajua kuwa "kukata mzizi wa fitina" ni kumaliza shaka au ubishi kwa jambo lisiloacha swali? Maneno matupu hayaukati. Hukatwa na kipimo, hati, shahidi au hukumu.

• Ndiyo maana msemo "ondoa shaka" haulingani na huo. Kondakta akisema, "Ondoa shaka mama, mzigo utafika Bariadi kesho," amekutuliza tu. Mzizi hukatwa mzigo ukishushwa stendi, ukauhesabu mwenyewe.

• Je, wajua kuwa Wagika na Wagalu, vyama vikongwe vya ngoma vya Wasukuma, vilitokana na ushindani wa watu wawili, Ngika na Gumha, kila mmoja akidai dawa yake ndiyo kali zaidi? Katika mashindano yao baada ya mavuno, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huenda wanakovutiwa. Penye umati mkubwa ndipo penye ushindi, ubishi kwisha.

• Je, wajua kuwa wakulima wa pamba wa Usukuma waliwahi kuishuku mizani ya wanunuzi? Kwa kuwa kulalamika hakukuongeza ratili, mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliweka wapimaji wao vituoni. Vuguvugu hilo, Paul Bomani akiwa kinara, ndilo lililozaa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955.

• Yupo anayebisha kuwa Bariadi ni Shinyanga? Ilikuwa hivyo hadi Machi 2012, Simiyu ilipotangazwa kuwa mkoa pamoja na Geita, Katavi na Njombe. Makao makuu yake ni hapo hapo Bariadi.

• Anayedhani Simiyu haina ziwa naye ashuke Lamadi, wilayani Busega. Ziwa Victoria atalikuta.

• Je, wajua kuwa mahakamani shaka ina mwenyewe? Katika kesi ya jinai, shaka ya msingi ikibaki, faida yake ni ya mshtakiwa. Kesi ya madai huamuliwa kwa mizani ya uwezekano: upande wenye ushahidi mzito zaidi hushinda. Kwa hiyo kumtia mtu hatiani kwa wizi wa ng'ombe mmoja kunadai uthibitisho mkubwa kuliko kushinda kesi ya mpaka wa shamba zima la pamba.