Mjumbe wa Bugwema Akifika Guangzhou

Zamani mtu wa Bugwema akiaga kwamba aenda mjini, jirani zake walifahamu kuwa ni Musoma, nao walimtazamia arudi upesi. Siku hizi wafanyabiashara wa Tanzania huaga kwenda Guangzhou, kusini ya China, mji ambao sensa ya mwaka 2020 iliukuta na watu zaidi ya milioni 18. Mkoa wetu mzima wa Mara, katika sensa ya 2022, haukufika milioni mbili na nusu.

Sasa natuseme wakulima wa bonde la Bugwema wamechanga fedha za pampu ya kumwagilia mashamba, wakamtuma ndugu mmoja akainunue huko. Fedha hizo si zake. Ni jasho la kaya nyingi, na zikipotea, msimu haungoji mtu.

Kwanza asisafiri kabla ya kuuliza tarehe ya Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia Januari au Februari, maana wakati huo viwanda hufungwa na wenyeji hurudi makwao. Mwezi wa Aprili na wa Oktoba hufunguliwa maonyesho makubwa ya biashara, yaliyoanza mwaka 1957. Hapo ataona mashine nyingi kwa siku moja, lakini vyumba vya kulala hupanda bei.

Anwani ya hoteli na aichukue ikiwa imeandikwa kwa herufi za Kichina, kwa kuwa dereva wa teksi hatasoma zetu. Akifikia nyumbani kwa rafiki, hapana budi ajiandikishe polisi katika muda wa saa 24. Hoteli humfanyia mgeni kazi hiyo. Wachina hulipana kwa simu, hata kwa muuza mboga, basi programu ya Alipay au WeChat aiweke kabla ya kuondoka. Asitegemee WhatsApp, kwani huko imezuiwa. Treni za chini ya ardhi ni rahisi na za haraka, ila asubuhi na jioni watu husongamana kama dagaa katika gunia.

Katika mtaa wa Xiaobei atakutana na Waafrika wenzake, apate na chakula kinachomfaa. Hapo pana faraja, na hapo pana hatari pia: yuko atakayejitolea kumnunulia pampu ili asisumbuke. Naasumbuke! Aende mwenyewe kiwandani, aione ikivuta maji, asome kwenye bamba kama volti zake ni 220, ambazo zakaribia 230 za kwetu. Alipe sehemu tu ya bei. Inayobaki aitoe baada ya mzigo kukaguliwa. Shirika la Viwango (TBS) hutaka bidhaa nyingi zikaguliwe huko zinakotoka, na cheti chake hakipatikani kwa urahisi mzigo ukiwa umekwisha kung'oa nanga.

Stakabadhi zote azitie mfukoni mwake, si katika sanduku.